Mzinga mkali? Badili malkia, ila usitegemee miujiza wiki hii

Nyuki wetu wa pwani ni wakali kwa asili, kwa hiyo anayefuga Kigamboni akitaka nyuki wapole kama wa video za Ulaya atasubiri sana. Lakini kuna ukali wa kawaida, halafu kuna mzinga unaomfukuza mpita njia mpaka barabarani. Huo wa pili, kwa jinsi viwanja vilivyobanana siku hizi, ama uhamishwe ama ubadilishiwe malkia.

Kwanza jiridhishe kwamba si siafu, si njaa, wala si mashine ya jirani ya kukata nyasi. Mimi nikisikia harufu ya ndizi mbivu nafunga mzinga na kuondoka. Nyuki akichoma hutoa harufu hiyo kuwaita wenzake. Ukiona mambo ni hayo hayo kila ukifungua, na mizinga ya pembeni imetulia, shida ni mama yao, yaani malkia, na madume aliopandana nao.

Malkia mpya nazalisha kutoka mzinga wangu mpole kuliko yote. Mwaka 1956 Brazili ilichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tabora yetu, na mwaka 1990 kizazi chao kikali kilishafika Marekani. Hata hivyo wafugaji wa Brazili walituliza mizinga kwa kuzalisha malkia kutoka ile mipole.

Kumkamata malkia wa zamani ndiyo kazi. Mchana sogeza mzinga hatua kadhaa, pale pa zamani weka mtupu wenye sega moja. Wazee wanaotoka kutafuta chakula, ambao ndio wachomaji, watarudi pale. Jioni, kwenye mzinga uliobaki na vijana, utapekua viunzi vya masega kwa amani zaidi. Ukimwondoa, warudishe wote pamoja, kisha subiri hadi kesho yake.

Malkia mpya muweke kwenye kitundu cha wavu wa waya, tundu zake zipitishe ulimi wa nyuki, si kichwa. Mlango uzibe kwa sukari iliyosagwa laini, ikakandwa na asali ya mzinga wako mpaka ikaze kama donge la chapati. Ning'iniza katikati ya masega yenye majana (watoto wa nyuki), na vunja seli zote za malkia, yaani vyumba vya kulelea malkia, walizoanzisha. Baada ya siku 3 chungulia: wakiwa wanang'ata waya na hawapanguswi kwa unyoya, bado hawamtaki. Wakitembea juu yake taratibu na kumlisha, waache wale sukari wamtoe wenyewe.

Sasa subira. Nyuki kibarua huchukua siku 21 kutoka yai hadi kutoka selini, kisha huishi wiki 6 hivi, kwa hiyo mabinti wa yule wa zamani watakuwepo kwa miezi miwili hivi. Wakikosa malkia hata siku chache huwa wabaya zaidi. Kipindi chote hicho fungua mzinga jioni tu, moshi wa kutosha, na mama wa jirani mwambie mapema asianike nguo upande ule.