Ada ilifutwa mwaka gani hasa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Shule ya msingi ya kijijini kwetu ilifunguliwa 1976, na nimepewa kazi ya kuandika historia yake kwa sherehe ya miaka 50. Wazee wanasema ada ilifutwa enzi za Nyerere, dada yangu anasema 2002, vijana wanashikilia 2016. Tena sandukuni mwa marehemu baba nimekuta stakabadhi ya 1996 iliyoandikwa "Mchango wa UPE". Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba. Waamini wote. Ada imefutwa zaidi ya mara moja, na kila mtu anaikumbuka ile iliyomgusa.

Wazee wanasema ya 1973, ada ya shule za msingi ilipoondolewa. Novemba 1974 TANU ikapitisha Azimio la Musoma: watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, si 1989 kama ilivyopangwa awali. Mpango huo ndio UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Shule yenu ilizaliwa katika pilikapilika hizo. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakashika chaki huku wenyewe wakisomea ualimu, mengine wakiyapata kwa redio. Hao ndio "walimu wa UPE". Jina hilo limetumiwa sana kwa dharau, nami linaniuma, kwa sababu bila wao madarasa mengi ya vijijini yangekaa bila mwalimu. Akiwapo hata mmoja aliye hai hapo kijijini, anza naye kabla ya kufungua jalada lolote.

Kisha uchumi ukayumba miaka ya 80, wazazi wakarudishwa kwenye kuchangia. Ndiyo stakabadhi yako: jina la mpango wa kumwingiza kila mtoto shuleni limekuwa jina la mchango ambao asiyekuwa nao alirudishwa nyumbani. Ipige picha, iingie kitabuni.

Dada yako anakumbuka MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002 ada ya shule za msingi ilipofutwa tena. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa zaidi ya milioni 4 mwaka 2000. Kufikia 2005 walipita milioni 7. Fungua rejista ya uandikishaji ya 2002, utazame safu ya tarehe ya kuzaliwa. Usishangae kukuta darasa la kwanza lina wa miaka saba na wa miaka kumi na kitu. Waliozidi sana umri walipelekwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Tafuta kama mlikuwa na darasa hilo.

Vijana wanasema Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioanza kutumika Januari 2016. Hapo ada iliyoondoka ni ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne. Kwa shule ya msingi andika kwamba wazazi walivuliwa michango ya lazima, si ada.

Jambo moja zaidi. Katika sababu za kuacha shule huenda ukakuta neno "mimba". Ni Novemba 2021 tu Serikali ilipotangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa mimba wanaweza kurudi darasani. Usichapishe majina yao, toa idadi kwa kila mwaka. Akipatikana mmoja aliye tayari kusimulia, mpe ukurasa wake.