Mkuu, huo mshale wa simu achana nao

Mkuu, acha kabisa. Umeuliza daladala ya Materuni, kijiji kile cha mlimani Kilimanjaro, viatu vya watoto, na kama kuna haja ya kumlipa kijana wa kijijini awaongoze wakati simu inaonyesha kopo la jiokeshi (ule mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa, mshale wa simu ukikuelekeza) liko mita 90 tu kutoka njiani. Mita 90! Na mimi mwaka juzi nilisema hivyo hivyo. Zilinila masaa matatu, suruali moja na simu.

Mshale unajua njia ya ndege tu. Korongo haulijui, mto hauujui. Mimi nilidanganywa na jamaa wa kundi letu, mtaalamu wa kila kitu: "Mshale haukosei, we kata tu." Yeye yuko Dar kwenye kiyoyozi. Sidhani kama amewahi kushuka kitu kirefu kuliko ngazi za kwake.

Basi nikaacha njia, nikaingia kwenye kihamba cha watu, shamba la nyumbani la Wachaga, nikaruka mfongo, mfereji wao wa kumwagilia. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe akaniuliza, "Baba, unaenda wapi? Huko hakupitiki." Nikamwonyesha simu. Akaiangalia, akaniangalia viatu, akaendelea na majani yake.

Sabini. Hamsini na tano. Arobaini, hapo nashuka kwa makalio, nimeng'ang'ania magugu. Kwenye 22 nikatokea ukingoni mwa mto, kopo liko ng'ambo. Maji yamejaa, rangi ya chai ya maziwa; kwangu jua, kumbe huko juu mlimani ilishanyesha. Na mshale nao ukapagawa: 22, mara 41, mara eti kopo liko nyuma yangu. Ndani ya korongo simu inaona setilaiti chache, na mawimbi yanagonga kuta za mawe kwanza ndipo yaifikie. Mchezo huu ulianza Mei 2000, Marekani ilipoacha kuivuruga makusudi GPS, yaani huo mfumo wa setilaiti, lakini mawe na miti hakuna aliyeiondoa.

Nikageuka nipande, udongo ukaniachia. Simu ikaenda na maji. Mimi nikabaki nimekumbatia mzizi, naita watu kwa sauti ambayo sitaielezea hapa.

Aliyekuja kunitoa ni mtoto wa miaka kumi na mbili hivi, kavaa ndala. Ndala, mkuu! Mimi nina buti za laki na nusu. Akanirudisha kwenye njia ile ile niliyoidharau. Hatua kama mia mbili mbele, kivuko hiki hapa.

Kwa hiyo: fuata njia ya watu mpaka ufike, simu iwe mfukoni. Itoe mwishoni kabisa, na ikisema mita 10 irudishe, tumia macho. Tazama mawe ambayo ni kama mtu kayapanga, shina lenye tundu. Narudia, njia kwanza, simu baadaye.

Kopo nililipata siku hiyo hiyo, bila simu. Yule mtoto alinipeleka moja kwa moja. Nikamuuliza kajuaje.

"Wazungu huwa wanainama pale."