Urafiki wa jaji Davis na Lincoln ulikuwepo, ila soma hukumu yake

Umeuliza kama jaji David Davis alipata kiti Mahakama ya Juu ya Marekani kwa sababu tu alikuwa mshkaji wa rais Abraham Lincoln. Urafiki ulikuwepo kweli, siwezi kubisha. Jamaa alizaliwa Maryland 1815, akaenda Illinois kufanya uwakili, na toka 1848 akawa jaji wa kuzunguka wilaya na wilaya, na Lincoln alikuwa mmoja wa mawakili waliosafiri nae, wanakula pamoja wanalala nyumba moja za wageni. 1860 pale Chicago yeye ndo aliongoza kampeni mpaka Lincoln akapitishwa na chama kugombea urais, halafu 1862 Lincoln akamteua Mahakama ya Juu.

Lakini angalia alichofanya 1866 kwenye kesi ya Milligan, raia wa Indiana aliyehukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yani chini ya serikali ya Lincoln huyohuyo. Davis ndo aliandika hukumu, akasema raia hawezi kupelekwa mbele ya wanajeshi wakati mahakama za kiraia ziko wazi zinafanya kazi. Mtu wa kulipa fadhila asingeandika vile, mimi namheshimu sana kwa hilo.

1877 akaacha ujaji akaenda Seneti (bunge la juu la Marekani), ndo maana hakukaa kwenye ile tume ya watu 15 iliyoamua uchaguzi wa urais wa 1876 kati ya Hayes na Tilden, nafasi akachukua jaji mwenzake Bradley na kura za tume zikawa 8 kwa 7, Hayes akapita.