Kasa aliyenasa kwenye jarife
Ndugu umeuliza kama kasa, yaani kobe wa baharini, aliyekufa kwenye jarife (wavu mkubwa wa kuvulia) unaweza kumchinja au kuuza nyama yake. Hapana, hata kama umemkuta keshakufa huruhusiwi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa, awe wa kawaida au ng'amba (kasa mwenye mdomo kama wa mwewe), na haiangalii nani kaua, ukikutwa na nyama, mafuta au gamba bila kibali ushapata kesi, na faini ni ya milioni si ya maelfu. Mimi navua hapa Malindi, maaskari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakishuka bandarini wanafungua mpaka vidumu vya mafuta.

Ila usiharakishe kusema kafa jamani, wengi huwa wamezimia tu kwa kukosa pumzi. Kata nyuzi za wavu usimvute, mlaze kifudifudi kivulini, inua upande wa nyuma kama shibiri moja maji yatoke mapafuni, mfunike kitambaa kibichi na umsubiri, wengine huchukua masaa mengi, nshaona mmoja katulia kama jiwe toka asubuhi, alasiri akatikisa kikono. Akiwa na jeraha wapigieni watu wa shirika la kulinda kasa la Watamu, wanamfuata na kumtibu.