Maswali ya Wasomaji: Barafuto hupimwaje?

SWALI: Barafuto (mto wa barafu) ndogo ya Austre Brøggerbreen, huko Svalbard nchini Norwei, hupimwa tangu 1967. Kila mwaka theluji mpya huifunika; wapimaji wanajuaje kwamba barafu imepungua? Na kwa nini wasitumie picha za kutoka juu tu?

JIBU: Hupimwa mara mbili kwa mwaka. Mnamo Aprili au Mei, kabla theluji haijaanza kuyeyuka, huchomwa kwa fimbo ndefu mpaka ncha igonge barafu, sehemu nyingi. Kisha huchimbwa shimo ili theluji ipimwe uzito, kwani kina peke yake hakitoshi: theluji ya mita 1.5, yenye kilo 400 kwa kila mita ya ujazo, ni sawa na sentimita 60 za maji.

Septemba ni zamu ya fito zilizozamishwa mita kadhaa ndani ya barafu kwa keekee ya mvuke. Tuseme theluji yote imekwisha, na ufito umechomoza mita 1.2 kuliko Septemba iliyopita. Zidisha kwa 0.9, uzito wa barafu ukilinganishwa na maji: mahali hapo pamepoteza mita 1.08 za maji.

Fito zina ukorofi wake. Ya chuma hushika joto la jua, barafu ya pembeni huyeyuka, nayo ikazama. Hasara itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Iliyochimbiwa kina kifupi huanguka kabla ya Septemba, na kipimo cha mwaka hakipo tena. Hila kubwa zaidi ya Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, ni maji ya theluji kuganda upya juu ya barafu baridi. Fimbo hugonga tabaka hilo, na mpimaji asiye makini hulihesabu kuwa barafu ya zamani. Hapo aamini ufito, si fimbo.

Picha nazo zina kazi. Svalbard ilipigwa picha kutoka ndege mwaka 1936, na kutokana na picha za aina hiyo huchorwa ramani za mwinuko, ya zamani ikatolewa kwenye mpya. Kwanza lazima zilinganishwe juu ya miamba isiyo na barafu: zikipishana mita 1 katika miaka 10, kila mwaka umebeba kosa la sentimita 10. Tena ramani hutoa ujazo, si uzito. Ramani zikipishana miaka mingi, ujazo hugeuzwa kuwa uzito kwa kadirio la kilo 850 kwa mita ya ujazo. Kwa mwaka mmoja kadirio hilo halifai, maana theluji mbichi ni nyepesi mno.

Kwa hiyo fito hueleza kila msimu, na ramani, baada ya miaka 10 hivi, hufichua makosa madogo ya fito yaliyorundikana upande mmoja. Mkishapata jumla ya hasara ya barafuto nzima, mkitaka wastani msiigawanye kwa eneo la mwaka wa kwanza: barafuto inaposinyaa, ramani ya mipaka nayo ibadilishwe.