Mbele ya kadhi, msemaji ni mke

Swali la juma hili lilikuwa: "Wanawake na wanaume huzungumza tofauti. Je, ni maumbile au ni malezi?"

Naandika kutoka Mombasa. Nafundisha Kiswahili, na kwa miaka sasa ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea: huwasindikiza wanawake mahakama ya kadhi wanapodai masrufu (fedha za matumizi ya nyumbani), talaka au haki ya kukaa na watoto. Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kwa nionavyo, majibu mawili mliyotupa tuchague hayatoshi. Tofauti ninayoisikia inatokana na jambo la tatu: nani amepewa nafasi ya kusikilizwa, mahali gani, na anamwambia nani. Nafasi hiyo ikibadilika, mtu yuleyule hubadili usemi wake siku hiyohiyo.

Kwanza niiondoe njiani dhana ya kwamba mwanamke ni domo na mwanamume ni mkimya. Mwaka 2007 jarida la Science lilitoa utafiti wa Matthias Mehl na wenzake. Walikuwa wamewapa wanafunzi 396 wa vyuo vya Marekani na Mexico vinasa sauti vidogo wakae navyo kwa siku kadhaa. Wanawake walisema wastani wa maneno 16,000 hivi kwa siku, na wanaume vilevile karibu 16,000. Tofauti kubwa ilikuwa baina ya mtu na mtu: wapo waliosema maneno mia kadhaa tu, na wapo waliopita 40,000. Sarufi yetu nayo haituelezi mengi hapa. Amekuja ni amekuja, awe Ali awe Asha. Kuna kuoa na kuolewa, naam, lakini hilo limeandikwa sana na mimi naliacha.

Turudi mahakamani. Huku kwetu binti anayeolewa hufundwa na somo wake, yaani kungwi, kwamba ya nyumbani hayatoki nyumbani. Fundisho hilo lina umri mkubwa. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na miongoni mwa aliyomwusia ni kwamba mumewe akinena asimjibu, ajitahidi kunyamaza. (Nampenda Mwana Kupona, na kila nikimfundisha huwaonyesha wanafunzi kwamba anayeusia kimya hapa ni mwanamke aliyeimudu mizani na vina kuliko wengi wa wakati wake.) Mke mwema, basi, ni yule anayevumilia bila kutangaza. Mume naye amepewa neno zito: akitamka talaka, imepita, wala hadaiwi maelezo. Mke hana neno la namna hiyo. Akitaka kutoka katika ndoa, au akitaka tu chakula cha watoto, njia aliyo nayo ni kwenda mbele ya mtu wa tatu na kusimulia yaliyompata.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Susan Hirsch alilifuatilia jambo hili miaka ya 1980 katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1998. Wengi wa waliofungua kesi walikuwa wake. Waliosimulia walikuwa wake. Na mara nyingi waliopata walichokidai walikuwa wake. Wale waliofundwa kunyamaza ndio waliokijaza chumba kwa maneno.

Ninayoyaona mimi leo hayako mbali na hayo. Mume akiulizwa kwa nini hakutoa masrufu, aghalabu hujibu kwa kauli moja: "Mheshimiwa, mimi ndiye mwenye nyumba, natoa." Kadhi humwuliza tena: ulitoa kiasi gani, na lini? Hapo ndipo wengi hukwama. Wamezoea kauli zao zipokewe zilivyo. Nyumbani hakuna aliyewahi kuwaambia wazithibitishe. Mke akipewa zamu husema: mwezi wa Shaabani alinipa elfu mbili, Ramadhani yote hakunipa kitu, nikakopa unga dukani kwa jirani, mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo ya muhula wa pili. Anayataja haya bila karatasi. Hakuzaliwa na kumbukumbu hiyo. Ni yeye aliyesimama dukani kuomba mkopo na ni yeye aliyeitwa shuleni, kwa hiyo tarehe anazo kichwani. Usimulizi unaodhaniwa kuwa tabia ya kike ni rekodi ya kazi aliyokuwa akiifanya.

Nimejifunza kumwambia kila ninayemsindikiza: dada, usianze na uchungu, anza na mwezi na kiasi. Uchungu utaonekana wenyewe.

Ila ushindi huo una gharama, na hapa ndipo ninapoumia. Hirsch naye aliliona: mke hupata haki yake kwa kufanya kile hasa alichokatazwa, yaani kuitoa siri ya nyumba mbele za watu. Anarudi mtaani na hukumu mkononi, na mawifi wanasema amemwanika mumewe. Mama mmoja aliyekwisha kushinda aliniambia, "Mwalimu, hukumu ninayo, lakini shughuli zao siku hizi hawaniiti." Mume aliyeshindwa hakusemwa na mtu. Yeye alitamka tu, na kutamka ni haki yake. Kwa hiyo anayetafuta jinsia katika lugha asiitafute katika maneno yaliyosemwa peke yake. Atazame pia nani hulipa baada ya kusema.

Kuna dalili ndogo ambayo mgeni hawezi kuitambua. Karani huuliza, "Jina la mume?" Wanawake wa makamo hutulia kidogo, wengine hunigeukia mimi nilitaje. Kwa miaka yote amekuwa Baba Fulani, au "mwenyewe", na kulitamka jina lake mbele ya watu huwa kama kuvua kitu. Wanyakyusa wa kusini mwa Tanzania wana desturi iliyokwenda mbali zaidi: mke aliyeolewa huepuka hata maneno yanayofanana na jina la baba mkwe, akatumia mengine badala yake. Wazulu na Waxhosa nao wana hlonipha, ambapo wake huziepuka hata silabi za majina ya wakweze. Ninapomwona mama akisita mbele ya karani, najua hasiti kwa woga wa mahakama. Anaombwa avunje heshima aliyoitunza maisha yake yote, na anaombwa aivunje kwa ajili ya fomu.

Sasa, kuhusu kusitasita. Mwaka 1975 mwanaisimu Robin Lakoff aliandika kwamba wanawake wa Marekani hutumia zaidi lugha ya kujikinga: nadhani, labda, sivyo? Wengi waliipokea kama sifa ya wanawake. Kisha William O'Barr na Bowman Atkins wakaketi katika mahakama za North Carolina wakiwasikiliza mashahidi, na mwaka 1980 wakachapisha waliyoyapata. Mashahidi wanawake waliokuja kama wataalamu hawakusita. Wanaume wa hali ya chini, wasioizoea mahakama, walisita sana. Wakaiita lugha ya wasio na nguvu. Majaribio ya O'Barr na wenzake yakaonyesha jambo la kutisha zaidi: ushahidi uleule ukisemwa kwa kusitasita huaminika kidogo kuliko ukisemwa kwa uthabiti.

Nikiyalinganisha hayo na ninayoyasikia, naona ukweli wake. Mama muuzaji wa jumla kutoka soko la Kongowea, anayegombana na madereva wa malori kabla ya alfajiri, humwambia kadhi "nataka hiki na hiki" bila "samahani" hata moja. Kijana wa kiume aliyekuja kwa mara ya kwanza, mshahara wake wa kibarua, husema "sijui kama nasema sawa, Mheshimiwa, nisamehe." Ukifumba macho utadhani wamebadilishana nafasi. Jambo linalotuhusu sote ni kwamba wasiozoea kusikilizwa ni wanawake wengi kuliko wanaume, na kwa hiyo mzigo wa kutoaminika huwaangukia wao zaidi, hata pale sheria inapowapa haki sawa.

Mfano ulionishangaza kuliko yote uko ng'ambo ya bahari hii yetu, Madagaska. Elinor Keenan, ambaye baadaye alijulikana kama Elinor Ochs, aliishi katika kijiji kimoja cha eneo la Vakinankaratra na akaandika mwaka 1974 kuhusu alichokikuta. Huko mafumbo ni ya wanaume. Mzee hotuba yake huizungusha, huifunika kwa methali, humkwepa mtu asije akamuudhi. Wanawake ndio wasema wazi: ndio wanaokaripia, ndio wanaobishana bei sokoni, na wanaume huwaachia kazi ya kusema yale ambayo wao wanaona aibu kuyasema. Huku kwetu tunasema kinyume chake, kwamba mwanamke husema kwa mafumbo na mwanamume husema wazi. Sasa sikilizeni linalounganisha pande mbili hizi: Madagaska usemi unaoheshimiwa ni wa mafumbo, nao ni wa wanaume, huku kwetu mwanamume akisema wazi anaitwa jasiri, na mwanamke akisema kwa mafumbo anaitwa mbea. Mtindo umegeuka, lakini daraja la mwanamume juu ya mwanamke halikugeuka. Maumbile yasingeweza kufanya hivyo.

Mafumbo yenyewe ya wanawake wa pwani tusiyadharau. Kanga ina jina lake, na mke anayeivaa kanga yenye maneno ya kumchoma jirani amesema bila kusema. Akiulizwa, atajibu kwamba amevaa nguo tu, na hakuna wa kumpeleka popote. Mtu ambaye kusema wazi kunamgharimu heshima ametengeneza njia ya kusema ambayo haiwezi kukamatwa. Mipasho ya taarabu ilitokana na hitaji hilohilo, na ilipopata jukwaa katika miaka ya 1990 kwenye ushindani wa vikundi vya Tanzania One Theatre na Muungano, wanawake walikuwa wakitunza, wakisimama mbele ya ukumbi mzima na noti mkononi wakati wa ubeti uliomlenga mtu wao. Zamani zaidi, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kisiwani Unguja na kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, aliimba hata habari za mauaji ya mwanamke na za kesi yake. Barazani asingekaa na wanaume kuyajadili hayo. Kwenye wimbo aliyasema, na wanaume wakasikiliza.

Sipendi, hata hivyo, wanaoisifu kanga kana kwamba inatosha. Kanga haileti masrufu. Kuna mambo lazima yasemwe kwa jina la mume, kwa mwezi na kwa kiasi, mbele ya mwenye mamlaka ya kuamua, na tukiridhika na uhodari wa wanawake wa kufumba tutakuwa tumewaacha na ile njia tuliyowabakishia.

Ndiyo sababu nauliza pia kuhusu anayekaa upande wa pili wa meza. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka kadhi awe Mwislamu na awe na ujuzi wa sheria ya Kiislamu. Haisemi awe mwanamume. Makadhi niliosimama mbele yao mimi wote ni wanaume, na baadhi yao ni wasikilizaji wazuri sana. Lakini wapo wanawake ambao, wakifika kwenye mambo ya chumbani, husimama katikati ya sentensi wakatazama sakafu, na kesi yao huishia hapo na nusu ya ushahidi. Palestina iliwateua wanawake wawili kuwa makadhi mwaka 2009, Kholoud al-Faqih na Asmahan Wuheidi. Maulamaa wetu wana hoja zao katika suala hili na nawaheshimu. Ninachotaka mimi ni kuisikia sentensi ile ikimalizwa. Kama ningeruhusiwa kubadili kitu kimoja tu katika lugha ya wanawake ninaowasindikiza, nisingegusa msamiati wao wala sauti yao. Ningebadili uso wanaoutazama wanapoambiwa, "Haya, mama, eleza."