Reale ya bibi: je, ni ya mwaka 1780 kweli?

Swali: Salamu aleikum, fundi. Bibi yangu wa Shela ameniachia sarafu kubwa aliyokuwa akiivaa kwenye mkufu, imeungwa kipete juu. Upande mmoja pana mwanamke aliyejitanda kichwa, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Mnunuzi mmoja aniambia ni ya kale mno, mwingine asema hata fedha si fedha. Nitajuaje?

Jibu: Wa aleikum salamu, mwanangu. Hiyo ni reale ya Sham. Wazee waliiita hivyo ili wasiichanganye na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili zilifanana na mizinga. Lakini haikutoka Sham, yaani Syria. Mwanamke huyo ni Maria Theresia, mtawala wa Austria, mama wa watoto 16. Ule mtandio ni wa ujane: mumewe alifariki mwaka 1765, naye akavaa nguo za msiba mpaka alipokufa mwenyewe, Novemba 1780. Ni kama eda isiyokwisha.

Mwaka ulioandikwa hautakusaidia. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemen na pwani yetu walikuwa wameizoea sura ile, na sarafu yenye sura nyingine waliitilia shaka. Basi Austria ikaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile, na mpaka leo yapigwa Vienna ikiwa na 1780. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alichukua mihuri ya kuipigia kutoka Vienna ili zipigwe Roma. Waingereza nao wakaanza kuzipiga London, baadaye Bombay. Kwa hiyo yako yaweza kuwa ya wakati wa nyanyake bibi yako, au ya wakati bibi mwenyewe yu msichana.

Kama ni fedha, hilo lapimika. Reale kamili ina uzito wa gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000, fedha ni 833. Iliyobaki karibu yote ni shaba. Yako ina kipete, kwa hiyo uzito peke yake utakudanganya. Tumia maji. Ipime kwanza ikiwa kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, uning'inize reale kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayotokea, gawanya nayo ule uzito wa kwanza. Ukipata karibu na 10.2, ni fedha ya kiwango chake. Ikiwa 9 au chini ya hapo, wasiwasi upo. Sumaku usiitegemee, kwani shaba nayo haivutwi.

Tazama na ukingo wake: yapasa uone herufi zilizoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Za bandia zilizomiminwa mara nyingi herufi hizo huwa zimefifia, au pana vitundu vya hewa.

Weusi wake uache. Usiisugue kwa jivu wala ndimu; kila ukisugua, uso wa yule mama walika.

Na akitokea mnunuzi akataka kukikata kipete ili abaki na sarafu tupu, mkatalie. Masonara wa pwani waliziyeyusha reale nyingi wakafua vikuku na mitali. Hii iliachwa nzima ikafanywa pambo, na kipete hicho ndicho kilichoifanya iwe ya bibi yako.